Uzi: Tangazo la gazeti la zamani halisomwi kwa tarehe ya gazeti (matangazo madogo na habari za nani kaja, nani kaondoka)

Kijumba_cha_Herufi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaochimba magazeti ya wiki ya miji midogo ya Marekani na Uingereza, hasa ya kati ya 1800 na 1914. Yale ya kurasa nne: huku farasi kapotea, huku mirathi, kule fulani kaenda kumtembelea shangazi yake. Watu wengi huyasoma kama shajara. Wameona tangazo kwenye toleo la Juni, basi wanaandika "Juni alikuwa anauza duka". Tangazo lilikuwa rundo la herufi za madini ya risasi zilizobanwa kwenye fremu ya chuma, na rundo hilo liliweza kukaa humo miezi mingi baada ya shughuli yenyewe kwisha.

Anza na mkia. Chini kabisa ya tangazo, pembeni, kuna herufi na tarakimu ndogo ambazo watu huzikata wanapohifadhi picha. Msizikate. Hazikuwa za msomaji, zilikuwa za fundi mpanga herufi. "3t" maana yake litoke mara tatu. "4w" ni wiki nne. "eow" ni wiki hii ndiyo, ijayo hapana. "tf" ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mpaka mwenyewe akataze". Kabla ya hapo huwekwa tarehe ya kuanza au namba ya toleo. Kwa hiyo "mar7-3t" lilianza 7 Machi na likalipiwa mara tatu. "32-tf" lilianza toleo namba 32. Ukikuta "mar7-tf" kwenye gazeti la Novemba, tarehe yako ya kuandika daftarini ni 7 Machi. Rudi kwenye toleo hilo ulihakikishe.

Kwa nini liliachwa muda wote huo? Herufi zilipangwa kwa mkono, moja moja, na baada ya kuchapa kila moja ilirudishwa kwenye kijumba chake. Tangazo la kudumu halikupangwa upya wala halikubomolewa, kwa hiyo halikumpa fundi kazi mpya. Ndiyo sababu bei ya mara ya kwanza ilikuwa kubwa na marudio yakashuka. Tena wiki yenye uhaba wa habari, tangazo lililokwisha muda wake liliachwa lizibe pengo. Duka lililofungwa liliendelea "kuuza" gazetini.

Kipimo cha malipo kiliitwa mraba: mistari 10 kwa gazeti hili, 12 kwa lile. Usikisie, tafuta jedwali la bei, mara nyingi liko karibu na jina la gazeti. Kwenye magazeti ya baadaye kipimo ni mstari wa "agate", herufi ya pointi 5.5, mistari 14 kwa inchi moja ya safu. Ukipiga hesabu (pointi 72 ni inchi moja) utapata 13 na kidogo. 14 ni mapatano ya biashara tu.

Mkunjo_Wa_Nne

Mkuu umefungua vizuri. Naongeza suala la ukurasa, maana nalo linadanganya watu.

Gazeti la kurasa nne ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara moja. Ukurasa wa 1 na wa 4 viko upande mmoja wa karatasi, wa 2 na wa 3 upande wa pili. Mtambo wa mkono, tuseme ule wa jina la Washington uliokuwa ukitumika miji mingi ya Marekani, huchapa upande mmoja kwa mara moja, na watu wawili waliozoeana hutoa karatasi kama 200 kwa saa. Kwa hiyo upande wa nje ulichapwa mapema katika wiki, ukajazwa hadithi na matangazo ya kudumu. Upande wa ndani ulisubiri hadi mkesha wa siku ya gazeti. Habari mbichi za mji ziko ukurasa wa 2 au wa 3. Anayesoma ukurasa wa kwanza peke yake amesoma kiporo.

Kisha kuna karatasi zilizokuja zimekwisha chapwa upande mmoja. Mwaka 1861 huko Baraboo, Wisconsin, mwenye gazeti A. N. Kellogg aliishiwa mafundi kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaagiza kutoka Madison karatasi zenye habari za vita upande mmoja, yeye akachapa upande wa pili tu. Wazo likawa biashara kubwa, na mwenyewe akaifanya Chicago kuanzia 1865. Matokeo yake ni kwamba tangazo la dawa ya mgongo unaloliona kwenye gazeti la kijiji halina uhusiano wowote na kijiji hicho. Liliuzwa mjini mkubwa na likaenda kwa magazeti mengi kwa mpigo.

Utalijuaje? Herufi za upande huo ni za aina nyingine, wino una weusi tofauti, mistari inayotenga safu hailingani na ya upande wa pili. Dawa kamili ni kufungua gazeti la mji jirani la wiki hiyohiyo. Ukikuta ukurasa uleule neno kwa neno, uweke kando.

NyarakaTu

Na hizi "inst.", "ult." na "prox." zinazojaa kila mahali? Naona wengine wanazitafsiri kama majina ya mahali 😅

Kijumba_cha_Herufi

"inst." ni mwezi huu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao. Gazeti la 4 Machi likisema "28th ult." ni 28 Februari.

Mkunjo_Wa_Nne

Hapo pana shimo mkuu. Hesabu hiyo ni sahihi kama habari iliandikwa kwa ajili ya toleo hilo. Wahariri walikuwa wakibadilishana magazeti kwa posta, Marekani bila malipo kwa sheria ya 1792, wakakata na kunakili. Habari iliyotoka gazeti la 27 Februari ikisema "14th inst." ni Februari. Ikinakiliwa kwenye gazeti la 6 Machi bila kurekebishwa, utaandika 14 Machi, siku ambayo hata haijafika. Ukiona tarehe iliyo mbele ya gazeti lenyewe, jua ndilo lililotokea. Hatari kubwa zaidi ni pale tarehe isipopitiliza: "3rd inst." kwenye hilo gazeti la 6 Machi inaonekana safi kabisa na ni ya uongo.

Na kwa matangazo ya kudumu, "inst." inahesabiwa kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya tangazo lenyewe au ile ya mkiani. Tarehe ya juu ya gazeti haihusiki.

Pima_Shamba

Nawaletea aina moja ambayo nadhani ndiyo tajiri kuliko zote na watu huiruka kwa kuwa inachosha macho: tangazo la uthibitisho wa shamba.

Sheria ya Marekani ya 1862 ilimpa mtu hadi ekari 160 kwa kuishi na kulima miaka mitano. Sheria ya 3 Machi 1879 ikaongeza kwamba kabla ya kuthibitisha kwamba ametimiza masharti hayo, kusudio litangazwe kwa siku 30 katika gazeti lililo karibu zaidi na shamba, pamoja na majina ya mashahidi. Kwa desturi walitajwa wanne, wawili ndio wakaenda kutoa ushahidi. Yaani umepewa bure majirani wanne wa mtu wako, kwa majina. Vijigazeti vingine vya nyanda viliishi kwa matangazo hayo, na ardhi ilipokwisha navyo vikafa.

Sasa maelezo ya ardhi. Tuseme: SE¼ NW¼, Sec. 14, T. 5 N., R. 12 W. Soma kutoka nyuma. R. 12 W. ni safu ya 12 magharibi ya mstari mkuu wa kusini-kaskazini. T. 5 N. ni safu ya tano kaskazini ya mstari wa msingi, ule wa mashariki-magharibi. Hapo umepata mraba wa maili 6 kwa 6, wenye vipande ("Sec.") 36. Kila kipande ni maili moja ya mraba, ekari 640. Robo ya kaskazini-magharibi ni ekari 160, na robo ya kusini-mashariki ya hiyo robo ni ekari 40.

Namba za vipande haziendi kama kurasa za kitabu. Zinaanza kona ya kaskazini-mashariki, 1 hadi 6 kuelekea magharibi, kisha 7 iko chini ya 6 na zinarudi mashariki hadi 12, kisha 13 chini ya 12. Kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa tuta. Kwa hiyo kipande cha 14 kimepakana na 11 kaskazini, 23 kusini, 13 mashariki, 15 magharibi. Chora kwenye karatasi, uwaweke wale mashahidi wanne, utaona kijiji kinaota mbele yako.

Makosa yako wapi? Koma. "SE¼ NW¼" ni ekari 40. "SE¼, NW¼" ni robo mbili, ekari 320. Fundi akiweka koma isiyohitajika amempa mtu ardhi mara nane. Ukipata ekari 320 kwenye tangazo la sheria ya 1862, si utajiri huo, ni koma. La pili, tangazo mara nyingi halitaji mstari mkuu upi, na majimbo mengine yana zaidi ya mmoja. Angalia ofisi ya ardhi iliyotajwa juu ya tangazo, ndiyo itakuambia.

NyarakaTu

Nimechora. Kweli 23 iko chini ya 14. Asante mkuu.

Risasi_Baridi

Kuhusu tarakimu, kuna ajali ya kichapaji ambayo haitajwi sana: herufi iliyopinduliwa. Tarakimu 6 ikiingia kichwa chini inakuwa 9. "n" inakuwa "u". Kila herufi ya risasi ina mfereji mdogo ubavuni ili kidole cha fundi kijue upande, lakini usiku wa kuamkia siku ya gazeti kidole huchoka. Kwa hiyo kipande cha 16 na cha 19, umri wa miaka 6 na 9, vipimeni mara mbili. Tangazo likirudiwa wiki ya tatu likiwa limesahihishwa, chukua la wiki ya tatu. Hapo ndipo faida ya kufungua marudio yote badala ya kuridhika na la kwanza.

Tangazo la mnyama aliyeokotwa nalo lina kanuni zake. Katika majimbo mengi aliyemwokota alitakiwa kuripoti kwa hakimu wa amani, mnyama akathaminiwa, akaandikwa kitabuni, kisha akatangazwa. Tangazo linataja chapa, alama za masikio na kimo kwa viganja. Kiganja kimoja ni inchi 4. "15.2" ni viganja 15 na inchi 2, yaani inchi 62, kama sentimita 157. Anayesoma 15.2 kama desimali anapata farasi mfupi kuliko aliyekuwapo. Na kumbukeni jina lililo kwenye tangazo si la mwenye mnyama. Mwenye mnyama hajulikani, ndiyo maana ya tangazo.

Bahasha_Isiyofunguliwa

Niongezee orodha ya barua zilizobaki posta, maana watu huitumia vibaya.

Zamani barua haikuletwa mlangoni. Miji mikubwa ya Marekani ilianza kupelekewa nyumbani bure 1863, vijijini majaribio yakaanza 1896. Kabla ya hapo ulikwenda mwenyewe, na hadi 1855 mpokeaji ndiye aliyeweza kuachiwa malipo. Barua zisizochukuliwa ziliorodheshwa gazetini kwa majina, na aliyekuja kuchukua aliombwa aseme kuwa yake "imetangazwa", kwa sababu zilitengwa kwenye kijumba tofauti. Zilizokosa mwenyewe baada ya muda zilipelekwa ofisi ya barua zilizokufa.

Sasa mtu anaona jina la babu wa babu kwenye orodha ya 1849 anaandika "1849 aliishi hapa". Orodha inasema kinyume kidogo: kuna aliyemdhania yupo hapo, na yeye hakuja. Huenda alikuwa amekwisha hama, huenda alikuwa bado njiani, huenda alijua ni barua ya mdai akaiacha ilale. Iandike kama fununu yenye tarehe. Makazi yathibitishe kwa kitu kingine.

Kiapo_cha_Mchapaji

Uzi mzuri. Mimi nasimama kwenye matangazo ya kisheria, maana kuna njia ya kuyapata hata gazeti likiwa limepotea kabisa.

Mirathi, mnada wa serikali, wito kwa mshtakiwa asiyejulikana alipo: sheria ilidai yatoke wiki kadhaa mfululizo. Ili kuthibitisha, mchapaji alikata tangazo lenyewe, akaligundisha kwenye fomu, akaapa kwamba lilitoka tarehe kadha wa kadha. Fomu ikaingia kwenye jalada la kesi. Kwa hiyo gazeti la 1872 likiwa liliungua lote, kipande chako kinaweza kuwa mahakamani kikiwa kimegundishwa salama. Omba jalada la mirathi zima, usiombe wosia peke yake. Karani atakupa ulichotaja.

Kilichokuwa kinaharibika ni mfululizo. Wiki moja ikirukwa, tangazo lilikuwa na kasoro na mnada uliweza kupingwa. Ukiona tangazo la mnada limeanza upya kwa tarehe mpya, usidhani kuna deni la pili. Linganisha majina na maelezo ya ardhi kwanza.

Kwa hiyohiyo sababu ya kisheria, someni kwa akili matangazo ya waume kwamba mke "ameacha kitanda na meza yangu". Lile lilikuwa onyo kwa wenye maduka: msimkopeshe kwa jina langu, sitalipa. Ni tangazo la deni lililovaa nguo za ndoa. Halithibitishi nani alimkimbia nani. Pitia wiki mbili tatu zinazofuata, maana wapo wake waliojibu kwa tangazo lao, na majibu yao yalikuwa makali.

Mwanagenzi aliyetoroka ni vilevile. Zawadi ya senti moja si kosa la chapa. Bwana alikuwa anatimiza wajibu wa kutangaza, asidaiwe madeni ya kijana, bila kutaka arudishwe. Zawadi ikiwa ya kweli utaiona: Juni 1824 huko Raleigh, North Carolina, fundi cherehani James Selby alitangaza dola 10 kwa wanagenzi wake waliotoroka. Mmoja wao, Andrew Johnson, akaja kuwa rais wa 17 wa Marekani.

Bahasha_Isiyofunguliwa

Hapo pa kutafutana, msisahau safu za kutafuta ndugu. The Pilot la Boston lilikuwa na safu ya Waayalandi waliopoteana kuanzia 1831 hadi 1921. Na Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilikuwa na "Lost Friends", ambapo watu waliokuwa watumwa walitafuta mama, watoto, kaka zao. Wachungaji waliombwa kuzisoma mimbarini. Angalieni jinsi yalivyoandikwa: kwanza majina ya mabwana, mmoja baada ya mwingine, nani alimuuzia nani na wapi. Aliyeandika alijua ndugu yake huenda amebadili jina la ukoo, lakini mlolongo wa mabwana haubadiliki. Ukitafuta kwa jina la ukoo la leo utakosa. Tafuta kwa jina la bwana na la wilaya.

Jumapili_kwa_Shangazi

Sasa twende kwenye nani kaja nani kaondoka, ndiko kwenye utamu.

Mhariri alizipata wapi? Kituo cha treni saa ya kushuka abiria, kitabu cha wageni hotelini, posta, mahakamani. Vijijini alikuwa na waandishi wake, wengi wanawake, waliolipwa gazeti la bure, stempu na karatasi. Barua zao ziliandikwa siku kadhaa kabla ya gazeti. Kwa hiyo "jana" na "Jumapili iliyopita" zinahesabiwa kutoka siku ya kuandika barua. Barua ikichelewa kwa theluji ikatoka wiki ya pili, mhariri hakugusa neno. Tafuta ndani ya barua hiyohiyo jambo moja lenye tarehe inayojulikana, mazishi au uchaguzi, uitumie kama kigingi cha kupimia mengine yote.

Majina: "Mrs." likifuatiwa na jina la mume ni mke, si mwanamke mwenye jina hilo. Mume akioa tena, jina halibadiliki, mtu amebadilika. Ukiona miaka miwili kimya kisha "Mrs." yuleyule yuko mzima, tafuta kaburi kabla hujaandika. Orodha ya wageni wa hotelini ilinakiliwa kutoka saini za wageni wenyewe, kwa hiyo majina yaliyovurugika humo ni mwandiko mbaya wa mgeni, na mji uliotajwa ni ule aliouandika yeye.

Na si kila habari ni habari. Kati ya "fulani kasafiri" na "fulani anaumwa" kulipenyezwa mistari ya kulipiwa, herufi zilezile, ukubwa uleule: "fulani kapokea kofia mpya, nendeni mkazione". Sheria ya Marekani ya 1912 ndiyo iliyolazimisha maandishi ya kulipiwa yatiwe alama kuwa ni tangazo. Kabla ya hapo, sifa yoyote ya duka isome ukijua kuna aliyelipa.

Mkunjo_Wa_Nne

Kwa upande wa Uingereza, hesabuni kodi. Kila tangazo lilitozwa kiasi kilekile liwe refu au fupi: shilingi 3 na peni 6, ikashushwa 1833 hadi shilingi 1 na peni 6, ikafutwa 1853. Kijakazi anayetafuta kazi alilipa kodi sawa na mnada wa jumba. Uchache wa matangazo ya watu wadogo kabla ya 1853 hauonyeshi kwamba watu hao hawakuwapo.

NyarakaTu

Swali la mwisho toka kwangu: kutafuta mtandaoni. Jina nalijua lipo, najua hata toleo, lakini mashine inaniambia hakuna.

Risasi_Baridi

Safu ya gazeti ilikuwa nyembamba, kama sentimita 5 na nusu, kwa hiyo majina hukatwa mwisho wa mstari. Tafuta nusu ya pili ya jina peke yake. Programu inayosoma picha huona "rn" ikaandika "m", huona "cl" ikaandika "d". Magazeti ya kabla ya takriban 1800 yana ile "s" ndefu inayosomwa "f", basi Moses anakuwa Mofes. Ikishindikana acha jina: tafuta namba ya kipande cha ardhi, jina la shahidi, neno la chapa ya mnyama. Hazina za magazeti mtandaoni za Chronicling America (Marekani), Trove (Australia) na Papers Past (New Zealand) ni bure. British Newspaper Archive (Uingereza) kwa sehemu kubwa ni ya kulipia. Kwenye Trove unaweza kusahihisha maandishi mwenyewe, na ukishasahihisha anayekuja nyuma yako atalipata.

Na ukilipata, picha ichukue na ukurasa mzima kwanza, kisha kipande. Pamoja na mkia.